Mkubwa wa Zamani na Kazi ya Leo

Kuko hadithi moja ya televisheni ambayo vijana wengi wanaijua na wazee wengi wanaidharau, kwa kuwa inasimulia mambo ya merikebu zinazosafiri kati ya nyota. Wenye kuidharau wanasema: hiyo ni michezo ya watoto. Lakini mtu hakatai muhogo kwa sababu ya udongo ulio juu ya ganda lake. Anamenya kwanza, kisha anaonja.

Hadithi hiyo inaitwa « The Menagerie », maana yake fasi ya kufungia wanyama kusudi watu wawatazame. Ilionyeshwa Marekani kwa sehemu mbili, tarehe 17 na tarehe 24 Novemba 1966, katika mfululizo wa « Star Trek ». Mwandishi wake ni Gene Roddenberry, ndiye aliyeuanzisha mfululizo wenyewe. Mwaka wa 1967 ilipewa zawadi ya Hugo, ambayo wapenzi wa hadithi za namna hii wanaitoa kila mwaka. Sisi tunaitazama juu ya ulizo moja tu: mtu aliyetumika chini ya mkubwa mmoja na kumpenda, kisha akapewa mkubwa mwingine, anapashwa kufanya nini siku ambapo deni la yule wa kwanza na kazi ya huyu wa pili vinapigana?

I. Mambo yaliyotokea

Spock ni msaidizi wa kwanza wa kapiteni katika merikebu ya nyota iitwayo Enterprise. Baba yake ni wa taifa la Vulcan, watu wanaojizoeza kuzuia hasira na huzuni kusudi akili peke yake iwaongoze. Mama yake ni mtu wa dunia yetu. Kapiteni wake wa sasa ni James Kirk. Lakini mbele ya Kirk, Spock alitumika miaka 11 na zaidi chini ya Kapiteni Christopher Pike.

Sasa Pike ameharibika mwili. Alikuwa akikagua chombo cha wanafunzi wa kazi ya merikebu. Mashini ikapasuka, miali yenye kuua ikatoka. Pike akaingia kuwavuta vijana nje, wale aliowaweza, mpaka yeye mwenyewe akaungua. Tangu siku ile anakaa ndani ya kiti cha magurudumu. Hawezi kusema, hawezi kuinua mkono. Mbele ya kiti kuko taa: ikiwaka mara moja ni « ndiyo », ikiwaka mara mbili ni « hapana ». Akili yake ingali nzima mle ndani, sawa mtu aliyefungiwa katika nyumba isiyo na mlango.

Spock anajua mahali pamoja ambapo Pike angeweza kuishi vizuri: sayari ya Talos IV. Miaka 13 nyuma walifika huko pamoja. Wenyeji wa Talos wana uwezo wa kutia picha katika akili za watu, hata kilema ajione mzima na mzee ajione kijana. Kwa sababu ya hatari ya uwezo ule, wakubwa wa jeshi la merikebu walitoa Amri ya Jumla namba 7: mtu asikaribie Talos IV, na mwenye kuivunja amri hiyo atauawa.

Basi Spock anatunga udanganyifu. Anasema kwamba Pike ameita merikebu, kumbe mtu aliye katika hali ile hawezi kuita. Anaunganisha maneno ya Kirk yaliyokwisha kuandikwa katika mashini, anatengeneza amri kwa sauti ya Kirk. Anampandisha Pike, anaondoka, anamwacha Kirk chini, na kompyuta anaifunga kusudi merikebu isigeuzwe njia. Kirk anamfuata katika chombo kidogo, pamoja na mkubwa mwingine, Mendez, mpaka mafuta yanakaribia kwisha na hakuna tena kurudi. Hapo Spock anawaokoa, kisha anamwambia mganga wa merikebu amtie kifungoni, kwa kosa la kuasi. Hukumu inakusanyika: waamuzi ni Mendez, Kirk, na Pike mwenyewe katika kiti chake.

II. Namna hadithi ilivyoshonwa

Ni vizuri kujua kitambaa kilitoka wapi. Mwisho wa mwaka 1964 Roddenberry alipiga sinema ya kwanza ya kujaribu, « The Cage ». Kapiteni wa sinema ile alikuwa Pike, na mchezaji wake Jeffrey Hunter. Kampuni ya televisheni NBC ikaikataa, lakini ikaomba jaribio la pili. Hunter hakurudi, akaingia William Shatner, na kapiteni mpya akaitwa Kirk. Katika watu wote wa hadithi ya kwanza, Spock peke yake, anayechezwa na Leonard Nimoy, ndiye aliyebaki.

Mwaka wa 1966 kazi ya kutoa sinema kila juma ikawa nzito, wakati ukapunguka. Roddenberry akachukua ile sinema iliyokataliwa, akaifunga ndani ya nyingine mpya: Spock anahukumiwa, na mambo ya kale yanaonyeshwa mbele ya waamuzi kama ushuhuda. Pike mzima ni Hunter wa 1964. Pike aliyeungua ni mchezaji mwingine, Sean Kenney, aliyepakwa makovu.

Wengine wanaona hapo ujanja wa fundi aliyepungukiwa na kitambaa. Ni kweli. Lakini mshono huu hauharibu nguo, maana wenyewe ndio unaoleta fundisho. Merikebu hiyo ilikuwa kweli na kapiteni wa kwanza na kapiteni wa pili, na Spock alikuwa kweli mtu pekee aliyewatumikia wote wawili. Mwandishi hakuhitaji kubuni moyo uliogawanyika. Aliukuta tayari katika kazi yake mwenyewe. Ndiyo sababu uso wa Spock, usioonyesha kitu, unatugusa kupita machozi ya wachezaji wengi.

III. Deni la Spock

Tusimhukumu upesi. Methali inasema: njia mbili zilimshinda fisi. Lakini fisi alishindwa kwa sababu ya tamaa: alisikia harufu ya nyama huku na huku, akataka zote. Spock hapati nyama kwa njia yo yote. Njia ya Pike inampeleka kifoni. Njia ya Kirk inamwacha na amani ya nje, na aibu ndani. Methali ya fisi haimhusu.

Tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanapenda kuyachanganya: utii na shukrani. Utii hufuata kiti. Shukrani hufuata mtu. Mkubwa akiondoka katika kazi, mamlaka yake yanabaki pale pale, yakimngoja atakayemfuata. Pike hana tena amri juu ya Spock hata moja. Lakini mema aliyomtendea, mafundisho aliyompa, hatari walizopita pamoja, hayo hayabaki katika kiti. Yanakwenda na Pike kila aendako, hata katika kiti cha magurudumu. Mwenye kusema: « Mkubwa wangu wa zamani amekwisha, sasa ninamjua huyu tu », huyo ni mtumishi wa kiti. Siku moja atamfanyia hivyo hivyo mkubwa wa leo, na huyu wa leo angefanya vema kukumbuka jambo hilo.

Kwa hiyo moyo wa Spock haukugawanyika kati ya utii mbili. Umegawanyika kati ya utii na shukrani. Na shukrani yake ni kubwa kweli. Anapoulizwa kwa nini hakumweleza Kirk shauri lake, jibu lake ni fupi: asingeweza kumwomba Kirk aingie naye katika hukumu ya kifo, mmoja alitosha. Jibu hili lina heshima. Mtu huyu anataka kulipa deni kwa mfuko wake mwenyewe.

IV. Mahali anapokosea

Je, amelipa kweli kwa mfuko wake? Tuhesabu.

Kwanza, ametumia sauti ya Kirk. Sauti ya mkubwa ndiyo inayofanya watu waache usingizi na kwenda hatarini bila kuuliza mara mbili. Wakijua siku moja kwamba sauti ile inaweza kushonwa na mtu mwingine, watafanya nini siku ya hatari ya kweli? Jambo hilo si la Spock kulitumia, hata kwa upendo.

Pili, ametumia merikebu. Ndani yake kuko watu zaidi ya 400. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anataka kupelekwa kwenye sayari iliyokatazwa.

Tatu, na hapa ndipo hadithi inapofika mahali pa ndani kabisa, amemtumia Pike mwenyewe. Mbele ya kuondoka, Spock anakwenda chumbani kwa mgonjwa na kumwambia anachotaka kufanya. Anakiri mbele yake kwamba ni kuasi. Taa inawaka mara mbili. Inawaka tena mara mbili. Hapana, hapana. Spock anaendelea. Kisha wengine wanaona Pike akirudia ile « hapana » bila kuchoka, nao hawajui anakataa nini, kwa maana hawajui alichoulizwa. Sikuona katika hadithi hiyo yote jambo la kuumiza roho kupita hilo: mtu aliyebakiwa na neno moja tu la kujitetea, na neno lile linaanguka chini.

Kwa nini Pike anakataa? Hadithi haisemi, lakini mwendo wake unasema. Pike alikuwa mkubwa wa sheria na wa kazi. Aliungua kwa sababu hakuwaacha vijana waliokuwa chini yake. Mtu wa namna hiyo hataki msaidizi wake wa zamani avunje amri, adanganye wenzake na kufa kwa ajili yake. Waamuzi wanapoombwa kutoa hukumu, taa ya Pike inawaka kumtia Spock hatiani, sawa na wengine. Wengi wanashangaa hapo. Sisi hatushangai. Pike anahukumu sawa na kapiteni, kwa maana Spock alimpenda sawa na kapiteni. Mwenye kumpenda mkubwa kwa sababu ya unyofu wake, kisha akamsaidia kwa njia zisizo nyofu, amemkata mkono yule anayemvika pete.

V. Mgonjwa wa Lemnos

Wasomaji waliojifunza Kigiriki watakumbuka mgonjwa mwingine. Mwaka wa 409 mbele ya Kristo, Sophocles alionyesha mjini Athene mchezo wake wa « Philoctetes ». Philoctetes aliumwa na nyoka mguuni. Kidonda kikanuka, naye akalia usiku na mchana, hata wenzake wa vita wakamwacha peke yake katika kisiwa cha Lemnos. Miaka 10 ikapita. Wagiriki wakajua kwamba hawataishinda Troya pasipo upinde wake. Odysseus akamtuma kijana Neoptolemos aupate kwa uongo.

Yule kijana naye ana moyo uliogawanyika: upande mmoja amri ya mkubwa na faida ya jeshi lote, upande wa pili mtu mwenye kidonda aliyemwamini. Anadanganya, anaupata upinde. Kisha huruma inamshinda, anarudi, na mbele ya macho ya Odysseus mwenyewe anamrudishia mgonjwa upinde wake.

Tuweke wawili hawa pamoja. Neoptolemos anaanza katika uongo, anaishia katika kweli. Asipokubali amri, anakataa wazi, mkubwa wake akiona. Spock, mtu wa taifa linalojulikana kuwa halisemi uongo, anaanza katika uongo na kuendelea nao karibu mpaka mwisho. Neoptolemos anamrudishia mgonjwa kitu chake, kusudi mgonjwa achague mwenyewe. Spock anamchagulia mgonjwa. Mgiriki yule kijana hakuwa na akili nyingi kupita Spock, lakini alijua kitu kimoja ambacho Spock amekisahau: kumhurumia mtu ni pamoja na kumwachia neno lake.

VI. Kosa la mwandishi

Mpaka hapa tumemlaumu Spock. Lakini kosa la mtu ndani ya hadithi si kosa la hadithi. Pengine ndilo nguvu yake. Sasa tumwangalie mwandishi.

Karibu na mwisho tunaambiwa kwamba Mendez aliyekaa hukumuni hakuwa Mendez. Alikuwa picha tu, iliyotiwa katika akili ya Kirk na wenyeji wa Talos. Hukumu yote ilitungwa kusudi Kirk awe na shughuli, asiwahi kuirudisha merikebu mkononi mwake. Kisha habari inafika kutoka kwa Mendez wa kweli: kwa ajili ya kazi kubwa aliyoifanya Pike, Amri namba 7 imeondolewa kwa mara hii, na Spock hatashitakiwa.

Mtazamaji anafurahi. Lakini akifikiri kesho yake ataona ameibiwa vitu viwili. Cha kwanza ni hukumu. Spock alipojitia mwenyewe kifungoni, tuliwaza: tazama mtu anayevunja sheria na hakimbii adhabu yake. Kumbe kukiri kwake nako kulikuwa sehemu ya hila. Cha pili ni adhabu. Ulizo lilikuwa gumu: shukrani inaweza kudai mpaka wapi? Mwandishi hakulijibu, aliliondoa. Barua ya msamaha imeingia mlangoni, na kila mtu amepata haki bila mtu kulipa.

Mmoja atasema: hata Sophocles alifanya vile. Mwisho wa mchezo wake Heracles anatokea juu, anatoa neno, na fundo linafunguka. Tunajibu: haifanani. Heracles anafika kisha ya Neoptolemos kukubali hasara yote. Amekwisha kuahidi kumpeleka mgonjwa kwao, hata jeshi likimkasirikia. Neno la Heracles halimwokoi na deni la uongo, kwa maana deni lile amekwisha kulilipa kwa kurudisha upinde. Spock anasamehewa mbele ya kurudisha kitu cho chote. Kirk anamlaumu kidogo, wanaachana vizuri, na juma linalofuata kazi inaendelea.

Kuko jambo la pili. Katika sinema ya 1964, Pike mzima aliyakataa maisha ya picha za Talos. Walimwonyesha raha nyingi, pamoja na Vina, mwanamke aliyeumia vibaya katika ajali ya chombo na kuvikwa nao uzuri wa picha. Pike akachagua taabu ya kweli kuliko raha ya uongo. Miaka 13 kisha, Spock anampeleka kwenye raha ile ile. Pengine mwili uliovunjika unabadili shauri. Hatupashwi kumcheka mtu aliye katika kiti kile. Lakini mwandishi alipashwa kututazamisha badiliko hilo, kwa kuwa sinema ya zamani aliyoitumia kama ushuhuda inashuhudia kinyume.

VII. Ulizo la Kirk

Hata hivyo mwandishi ametuachia kitu kimoja chema, na pengine hakujua ukubwa wake. Uongo wote umekwisha kufunuliwa, msamaha umekwisha kufika. Kirk anamgeukia mgonjwa na kumwuliza kama anataka kwenda kule. Taa inawaka mara moja. Ndiyo.

Tazameni ni nani aliyeuliza. Si Spock, aliyemtumikia miaka 11 na kumpenda hata kifo. Ni Kirk, mkubwa wa leo, mtu aliyeibiwa sauti yake, merikebu yake na heshima yake. Spock alimletea Pike habari. Kirk alimletea ulizo. Na ile « ndiyo » moja ina uzito kupita safari yote, maana ndiyo neno la kwanza la Pike ambalo mtu amelipokea na kulifuata.

Hapo tunapata jibu ambalo barua ya msamaha ilitaka kutuficha. Kosa la Spock si kwamba alimkumbuka mkubwa wa zamani, wala si kwamba aliweka shukrani juu ya amri ya kifo. Wako watu wema waliofanya hivyo, na historia inawaheshimu. Kosa lake ni kwamba hakuuliza. Hakumwuliza Kirk, kwa kumwonea huruma. Hakumsikiliza Pike, kwa kumpenda. Huruma na upendo vikikataa kuuliza vinageuka kuwa amri, na mtumishi mwaminifu anajikuta amekuwa kapiteni juu ya makapiteni wote wawili. Kama angekwenda kwa Kirk na kumwambia wazi, Kirk angeweza kukataa. Ni kweli. Lakini mkubwa asiyepewa nafasi ya kukataa hakupewa nafasi ya kukubali pia. Spock alimwondolea Kirk hatari ya kifo, na pamoja nayo akamwondolea tendo jema ambalo pengine angelifanya.

Waandishi waliofuata waliona kwamba Pike alistahili neno lake. Mwaka wa 2019, katika mfululizo wa « Star Trek: Discovery », walimwonyesha Pike akiyatazama mbele ya wakati mambo yatakayompata, moto na kiti na taa, na kuyakubali kusudi atimize kazi iliyo mbele yake. Hawakugeuza hadithi ya 1966, lakini waliitilia taa. Yule aliyesema « hapana » katika kiti ni mtu aliyekwisha kusema « ndiyo » kwa kazi, akijua bei yake.

Wengi wetu wana mkubwa wa zamani: mwalimu, mlezi, kiongozi wa kazi ya kwanza. Na wengi wetu wanahamishwa na kupewa mkubwa mpya, asiyejua mambo ya kale. Tusimsahau yule, tusimwibie huyu. Deni la yule tumwambie huyu, mchana, kwa kinywa chetu na si kwa sauti ya kuazima. Akikataa, tutajua tunalipa nini na kwa mfuko wa nani. Na yule wa zamani, hata kama amebakiwa na taa moja tu, tungoje iwake.